Riwaya za Halo: kama una hela ya kitabu kimoja tu, chukua hiki

Wakuu, hizi riwaya za Halo, ile gemu ya vita vya angani, zimekuwa nyingi mno, zaidi ya 25 tangu 2001, na kava zake karibu zote zinafanana, mwanajeshi ndani ya deraya la kijani na sayari nyuma yake, kwahiyo mtu anaingia onlaini kununua anajikuta kaokota ya katikati au ile dhaifu kuliko zote, anasoma kurasa hamsini anaitupa alafu anasema vitabu vya gemu ni takataka. Inaniuma kwasababu zilizo bora ni sayansi ya kubuni ya kweli kabisa, hata kama hujawahi kushika pad maishani mwako.

Mimi napanga kwa kuangalia kitu kimoja, kitabu kinanipa nini ambacho gemu haiwezi kunipa? Mapigano nshayapata kwenye gemu.

Namba moja ni Halo: The Fall of Reach ya Eric Nylund, na hapa sibishani na mtu. Ilitoka mwisho wa Oktoba 2001 na gemu ya kwanza ikafuata katikati ya Novemba, yani kitabu ndo kilitangulia, na Nylund alipewa wiki saba tu kukiandika. Kwenye gemu, shujaa mwenyewe, Master Chief, huoni hata sura yake. Humu unamkuta ana miaka sita, anaitwa John, Dkt. Catherine Halsey, mwanasayansi wa jeshi, anamfata anarusha sarafu juu amwambie itaangukia upande gani, dogo anapatia, na baadae jeshi linamuiba, nyumbani kwao wanaachiwa mtoto wa maabara aliyefanana nae kila kitu, ambaye anaugua na kufa, na wazazi wanazika wakiamini wamemzika mwanao. Walichukuliwa watoto 75 hivohivo. Wakifika miaka 14 wanafanyiwa upasuaji wa kuwaongezea nguvu, 30 wanakufa, 12 wanabaki walemavu, wanaotoka wazima ni 33. Na Halsey sio katili wa kuchorwa, anajua kabisa anachokifanya ni uovu na anaendelea, ndo maana kitabu hakikuachii.

Alafu vita vya meli. Nylund kasomea kemia na fizikia, na inaonekana, maana kamanda Keyes kule Sigma Octanus IV ana manowari moja tu, Iroquois, mbele ya meli nne za Covenant, ule muungano wa viumbe wa sayari nyingine wanaopigana na binadamu, na anavyojinasua ni kwa hesabu za mwendo na mvuto wa sayari, hakuna muujiza.

Sasa hapa kuwa makini kwenye kununua. Kuna komiki za Marvel zenye jina hilohilo, kuna katuni ya 2015 yenye jina hilohilo, na kuna gemu ya 2010 inaitwa Halo: Reach, kwahiyo usibonyeze oda mpaka uone jina la Eric Nylund kwenye kava. Na ukiweza kuchagua toleo achana na lile la kwanza la kampuni ya Del Rey, lina makosa ya uchapaji, tafuta la kampuni ya Tor la 2010 au ya baada ya hapo, walisahihisha na wakaongeza kurasa za ziada mwishoni. La zamani ukilikuta kwa bei ya kutupa sawa, hadithi ni ileile.

Namba mbili ni Contact Harvest ya Joseph Staten, 2007, na kama hujawahi kucheza Halo kabisa basi kwako hii inaweza kuwa namba moja. Staten alikuwa mwandishi wa gemu zenyewe pale Bungie, kampuni iliyozitengeneza, anawajua hawa watu. Ni mwaka 2525, sayari ya wakulima inaitwa Harvest, sajenti Avery Johnson kapelekwa kufundisha mgambo, na ndo mara ya kwanza binadamu wanakutana na Covenant. Utamu wake ni kwamba unakaa upande wa adui pia, unaona siasa zao, jinsi viongozi watatu wanavyopanda madarakani kwa kuficha ukweli ambao ungevunja dini yao yote, na ukishajua huo ukweli vita nzima ya kwenye gemu inabadilika machoni pako. Katikati inapoa kidogo, vumilia.

Tatu, Ghosts of Onyx, Nylund tena, 2006. Hii inauma kuliko zote. Jeshi limeona Spartan wa mwanzo, yani wale wanajeshi wakina John, ni ghali, kwahiyo linachukua yatima wa vita, linawapa deraya la bei rahisi na kuwatuma kwenye kazi ambazo hakuna anayetarajia warudi. Kundi la kwanza la 300 wanakufa wote. La pili 300 wanarudi wawili, na mmoja wao, Lucy, hasemi tena. Anayewafundisha, Kurt, nae aliibwa utotoni, na anawapenda kweli, we fikiria mwenyewe. Lakini usiinunue kabla ya Fall of Reach, utapotea.

First Strike, ya Nylund pia, 2003, naiweka ya nne. Inaziba pengo kati ya gemu ya kwanza na ya pili. Nzuri kwa mchezaji, asiyecheza haimuhusu sana.

Trilojia ya Greg Bear, Cryptum, Primordium na Silentium (2011 hadi 2013), ni kesi ya peke yake. Bear alikuwa jina kubwa la sayansi ya kubuni miaka mingi kabla ya Halo, na anakupeleka miaka 100,000 nyuma kwa Forerunner, viumbe wa kale waliojenga zile pete kubwa za angani zinazoitwa Halo. Hakuna Master Chief, mwendo ni wa taratibu, Kiingereza kigumu. Kama unapenda kitabu cha kufikirisha chukua Cryptum, kama unataka risasi pita.

Ya mwisho ni The Flood ya William C. Dietz, 2003. Hii ni gemu ya kwanza imeandikwa tena chumba kwa chumba, na gemu hiyo nshaicheza. Sehemu za wanajeshi wa kawaida waliokwama kwenye pete ziko vizuri, hazitoshi kulipia kitabu. Kuna boksi la vitabu vitatu vya mwanzo ambalo yenyewe imo, lichukue kama bei yake iko karibu na ya vitabu viwili.

Kwa tulioko Afrika Mashariki, kabla hujaagiza ya karatasi angalia gharama ya kusafirisha, mara nyingi inapita bei ya kitabu chenyewe, kwahiyo uliza kwanza kwa wauza vitabu vya mtumba, au nunua ya kusoma kwenye simu. Zile nakala ndogo za karatasi zina maandishi madogo sana, kama macho yanasumbua bora simu, unakuza unavotaka. Na sampuli ya sura za mwanzo huwa ni bure, soma ya Fall of Reach mpaka pale kwenye sarafu ndo ulipie.