Feni ya umeme kwenye Land Rover 109, fundi wa Mwanjelwa kanitoa kimasomaso

Fundi wa kwanza aliiseti feni iwake nyuzi 80 wakati themostati yangu (vali inayopitisha maji ya injini kwenda kwenye rejeta) inafunguka 82, yaani feni haizimi kabisa, inakula betri tu. Nikahamia kwa kijana mmoja hapa Mwanjelwa, Mbeya, huyo anajua bwana, akazungusha kile kiskurubu kidogo cha sensa huku anaangalia kipima joto, sasa inawaka 95 inazima 88 na rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa wa feni) kaweka. Akanibadilishia na mfuniko wa rejeta maana ule wa zamani haushikilii presha, na huku kwetu juu maji yanachemka mapema. Juzi natoka Moro nimepanda mlima Kitonga nyuma ya semi ya mafuta, mshale wa joto umetulia tuli. Ila waya kaziacha zinaning'inia karibu na ekzosi, nimezifunga mwenyewe.