Uzoefu wangu wa miaka minne na kesi meneja huku Minnesota

Natoa nyota tatu kati ya tano. Huyu kesi meneja niliye naye sasa peke yake ningempa tano, yule wa kwanza hata moja ni nyingi, nikajumlisha nikagawanya, hesabu za Kiswahili hizo.

Kwanza mjue naongea kama nani. Mimi ni Mtanzania, nilikuwa naendesha malori makubwa huku Marekani, jimbo la Minnesota, Januari 2021 gari likateleza kwenye barafu njia ya St. Cloud, shingo ikavunjika. Miguu haifanyi kazi tena, mikono nainua lakini vidole havishiki kitu. Bima ya serikali ikaniingiza kwenye mpango unaitwa CADI, ni wa watu walio chini ya miaka 65 ambao bila msaada wangeishia kulazwa kwenye nyumba za wauguzi, na ukishaingia humo lazima unapewa kesi meneja.

Sasa wabongo wengi huku wanadhani kesi meneja ni bosi, au ni mpelelezi wa serikali. Siku ya kwanza anakuja kwetu mke wangu alifunika televisheni na kanga, asije akasema hawa wana hela. Kumbe wala. Kazi yake ni kukaa na wewe muandike mpango wa huduma, akutafutie watoa huduma, halafu afuatilie kama kilichoandikwa ndicho kinachofanyika. Hakuogeshi wala hakupikii. Na huo mpango ni wa kwako wewe, kanuni za serikali kuu zinasema kikao kinafanyika muda na mahali panapokufaa wewe, wewe ndiye unachagua nani akae kwenye kikao, uandikwe kwa lugha unayoielewa, upewe nakala yako, na uangaliwe upya angalau kila miezi 12. Mimi haya yote nimeyajua mwaka wa tatu. Yule wa kwanza alikuwa anakuja na mpango umeshachapwa, ananionyesha pa kuweka sahihi, na maswali yote anamuuliza mke wangu, "anakula vizuri? analala vizuri?", na mimi nipo hapo hapo kwenye kiti namuangalia.

Kabla ya kurudi nyumbani nilikaa miezi saba kwenye grupu homu, yaani nyumba ya pamoja wanakoishi watu wenye ulemavu na wafanyakazi wa kuwasaidia, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na ngazi. Sitaitaja jina. Kesi meneja alinipa jina hilo moja tu, wakati nina haki ya kuchagua kati ya watoa huduma mbalimbali. Friji ilikuwa na kufuli jamani, eti kuna mkazi mmoja anakula sana, kwa hiyo wote tunafungiwa. Saa tatu usiku kila mtu kitandani, na mlango wa chumba changu haukuwa na komeo. Cha kuchekesha, na kuumiza, ni kwamba nusu ya wafanyakazi pale walikuwa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania, maana wengi wetu huku ndiyo kazi tunazofanya, na yule dada wa zamu ya usiku alikuwa ananiletea chapati kwa siri kama mfungwa. Nilimwambia kesi meneja kuhusu friji akasema ni sheria za nyumba. Hapana. Tangu 2014 kuna kanuni ya serikali kuu kwamba anayeishi kwenye nyumba za aina hii anapata chakula muda wowote, anapanga ratiba yake mwenyewe, na mlango wa chumba chake unafungika. Majimbo yalipewa mpaka Machi 2023 kumaliza kujipanga, labda ndiyo maana wengine walikuwa wanajivuta. Wakitaka kukubana kwenye mojawapo ya hayo lazima kuwe na sababu inayokuhusu wewe binafsi, iandikwe kwenye mpango wako na wewe ukubali. Eti jirani yako anakula sana, hiyo siyo sababu ya kukufungia wewe friji.

Haya, sasa niende kwenye kilichonifanya niandike, yaani asesimenti.

Kila mwaka anakuja mtu anauliza maswali kutoka kwenye kompyuta, mfumo unaitwa MnCHOICES, na majibu yako ndiyo yanaamua unapata masaa mangapi ya mtu wa kukusaidia. Kiingereza changu ni cha barabarani, cha mizani na kubishana na dispacha, yule anayewapangia madereva safari, mambo ya kiafya yananipiga chenga. Mwaka wa kwanza kesi meneja akasema binti yako si yupo, atatusaidia. Binti yangu alikuwa na miaka 12. Mtoto wa miaka 12 anamtafsiria baba yake swali la anaendaje haja kubwa, na nani anamsafisha. Alikuwa anaangalia zulia muda wote, akimaliza kusema anavuta mikono ya sweta mpaka vidole havionekani. Sikulala siku ile. Baadaye ndiyo nikajua mkalimani ni haki yako bure kabisa, na mtoto haruhusiwi kutumika kutafsiri labda iwe dharura. Hatukuwa na dharura, tulikuwa tumekaa sebuleni tunakunywa chai.

Mwaka 2023 nikaomba mkalimani, akawekwa kwenye simu, na hapo ndipo nilipojichongea mwenyewe. Ndugu zangu, sisi tumelelewa vibaya kwa ajili ya asesimenti. Mtu akikuuliza hali unasema nzuri, hata kama umetoka kutapika. Mama aliyekuwa anauliza akasema unaendeleaje, nikasema salama tu, tunamshukuru Mungu. Unaweza kuoga? Najikongoja hivyo hivyo. Mkalimani akatafsiri kwamba namudu. Unaweza kuvaa shati mwenyewe? Nikasema ndiyo, na kweli naweza, ila ni dakika 11 kwa shati lenye vifungo sita, natumia kile kiwaya cha kuvutia vifungo nimekifunga kwenye kiganja na utepe, na nikimaliza nimeloa jasho kama nimetoka kubeba magunia. Hayo sikuyasema, nani anataka kulalamika mbele ya wageni. Na kesi meneja alikuwepo pale kwenye kochi, anajua fika nani ananivisha kila asubuhi, hakufungua mdomo.

Baada ya wiki kadhaa barua ikaja. Masaa huku yanahesabiwa kwa yuniti za dakika 15, nilikuwa na yuniti 32 kwa siku, yaani masaa nane, zikashushwa mpaka 22. Nikampigia kesi meneja, voismeili. Siku nne baadaye ananijibu kwa meseji kwamba uamuzi umeshatoka, nisaini tu ule mpango mpya ni utaratibu. Nilikaribia kusaini. Kilichoniokoa ni mzee mmoja Mmarekani tunakutana naye mazoezini, yeye yupo kwenye kiti cha magurudumu tangu ujana wake, akaniambia usisaini kitu, pindua hiyo barua soma nyuma.

Nyuma kuna haki ya rufaa. Na hapa shikeni kalamu maana ndiyo penyewe. Wakitaka kukupunguzia huduma lazima wakupe barua angalau siku 10 kabla punguzo halijaanza, na barua iseme sababu. Maneno ya mdomo au ya kwenye simu hayahesabiki kama barua. Hapa Minnesota una siku 30 za kukata rufaa tangu uipate, lakini usisubiri hizo 30, ukikata kabla ya ile tarehe ya punguzo na ukaomba huduma iendelee, unabaki na masaa yako yote mpaka jaji aamue. Angalizo moja, ukishindwa wanaweza kukudai gharama ya hicho ulichoendelea kupata, mimi nilitetemeka kidogo hapo lakini nikasema liwalo na liwe. Watu wengi wanatupa bahasha kabatini pamoja na za umeme, wanakuja kuisoma punguzo limeshaanza.

Yule mzee akanielekeza Minnesota Disability Law Center, wanasheria wa bure. Kila jimbo Marekani lina shirika la namna hii la kutetea watu wenye ulemavu, lilianzia kwenye sheria ya 1975, kwa hiyo kama uko Ohio au Texas au Arizona usiseme hili ni la Minnesota tu, tafuta la kwenu. Mwanasheria mwenyewe kijana mdogo, kwenye simu akanitajia wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, walikuwa wamebakizwa hospitali ya serikali wakati madaktari wao wenyewe wanasema wanaweza kuishi nje, kesi ikafika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na mwaka 1999 wakashinda. Nikamwambia mimi siko hospitali. Akasema ukikosa mtu wa kukutoa kitandani asubuhi utarudi huko. Nikanyamaza.

Basi tukaanza kazi. Mke wangu akanunua daftari la shule, siku 14 mfululizo anaandika kila kitu na dakika zake, kutoka kitandani mpaka kwenye kiti dakika 25, kuoga na kukaushwa dakika 50, mambo ya choo siandiki hapa. Tabibu wangu wa mazoezi akaandika barua. Tukaomba kuona faili langu lote kabla ya kikao, nayo ni haki, na mle ndani tukakuta kesi meneja ameandika ananitembelea mara nyingi kuliko anavyonitembelea kweli. Kikao chenyewe kilikuwa kwa simu, jaji sauti ya mama mtu mzima, mkalimani safari hii nilimwambia mapema bwana nikisema najikongoja maana yake siwezi. Akacheka lakini akaelewa. Uamuzi ukaja baadaye kwa posta, yuniti 30. Zile mbili zilizobaki nimewasamehe.

Kesi meneja nikambadilisha wiki ileile. Hiyo nayo watu wanaogopa, wanasema ukimkataa watakukasirikia wakunyime huduma. Nilituma imeili fupi naomba mtu mwingine, sikumtukana, wakanipa. Huyu wa sasa dada mmoja Mmarekani, siku ya kwanza alivuta stuli akakaa usawa wa macho yangu akaniuliza mimi, siyo mke wangu, wiki nzuri kwako inakuwaje. Nilikosa jibu, sikuwahi kuulizwa. Nikamwambia Ijumaa msikitini na Jumamosi mpira na washkaji. Imeandikwa kwenye mpango hivyo hivyo, na usafiri wa Ijumaa upo. Oktoba 2024 walipoanza kuhamisha watu kutoka PCA, mpango wa zamani wa kulipia mtu wa kukusaidia nyumbani, kwenda mpango mpya unaitwa CFSS, alinipigia mwenyewe mapema kunieleza nini kinabadilika. Kasoro yake moja, ana watu wengi mno, meseji anajibu baada ya siku tatu, kwa hiyo mambo ya haraka msimtegemee. Kama ni kupigwa, kuibiwa hela au kuachwa umelowa usiku kucha, piga moja kwa moja Minnesota Adult Abuse Reporting Center, kituo cha kuripoti unyanyasaji wa watu wazima, wanapokea masaa 24. Kesi meneja akijua kitu kama hicho naye analazimika kisheria kuripoti, ila usimsubiri yeye.

Ukurasa wa sahihi kwenye mpango wangu una vibox vya kukubali na kutokubali, nimesaini miaka miwili bila kuviona. Viangalie kwenye wa kwako.

Asesimenti yangu nyingine ni Jumanne ijayo. Mkalimani ameshawekwa, binti atakuwa shule, televisheni haifunikwi. Nimemwambia mke wangu anitolee lile shati la vifungo sita na asiniguse, yule mama akiuliza kama naweza kuvaa mwenyewe nitamwambia washa saa ya kwenye simu yako tuanze.