Springla za bustani zimegoma? Nunua kwa mpangilio huu

Ukoka ukianza kukauka kwenye jua la Januari, wengi hukimbilia kubadilisha mfumo mzima. Mara nyingi kilichokufa ni kifaa kimoja, au presha haikutosha tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo pima kwanza.

Chukua ndoo ya lita 10, fungua mwisho wa laini ya springla, washa pampu uhesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 20, unapata lita 30 kwa dakika. Springla moja ya kuchomoza yenye nozeli (ncha inayotoa maji) ya duara kamili, inayorusha maji kama mita 4 na nusu, hula lita 14 hivi kwa dakika na hutaka presha ya bari 2. Lita 30 ni za springla mbili, tena kwa shida, kwa sababu ulipima bomba likiwa wazi na nozeli hubana maji. Ukikuta tano kwenye laini moja, ujue hata mpya tano hazitafanya kazi. Kumbuka pia kwamba kila mita ya urefu wa mnara wa tangi hutoa bari 0.1 tu. Mnara wa mita 3 bila pampu hauwezi hata kuinua kichwa cha springla kutoka ardhini.

Namba 1: kipuri kilichokufa

Hapa ndipo pesa ndogo inapofanya kazi kubwa. Kichwa kimoja kikitoa maji hafifu wakati vingine viko sawa, fungua nozeli yake: chini yake kuna filta ndogo, na mara nyingi imejaa mchanga. Ioshe kabla ya kununua chochote.

Maji ya upande mmoja wa bustani yasipofunga, shida huwa ni valvu ya umeme inayoyafungua na kuyafunga. Funga koki kuu, toa skrubu za kifuniko, itoe dayaframu ya mpira. Chembe moja ya mchanga inatosha kuizuia isikae. Kama imechanika, nenda nayo dukani ununue ya aina ileile, maana mbili za inchi 1 kutoka viwanda tofauti hazilingani.

Valvu isipofunguka, pima nyaya zake wakati kidhibiti (saa inayowasha na kuzima valvu) kimewasha upande huo: ziwe na volti 24 hivi. Zikiwepo, zima, chomoa waya, pima koili, ile sumaku ya umeme inayofungua valvu. Iliyo nzima husoma takriban omu 20 hadi 60. Isiposoma chochote imekatika. Koili nyingi hufunguliwa kwa mkono bila kukata bomba. Viungo vya waya vifungwe kwa vikonekta vyenye grisi ndani. Tepu ya umeme huingiza unyevu, na shaba huoza.

Namba 2: mpira wa inchi ¾ na springla ya kuhamisha

Hii ndiyo chaguo letu wakati mabomba ya chini yamepasuka na fundi hajapatikana. Usishawishike na mpira wa nusu inchi kwa kuwa ni wa bei nafuu. Nafasi ya maji ndani ya ule wa ¾ ni zaidi ya mara mbili, na kwenye urefu wa mita 30 tofauti utaiona kwa macho. Chagua wenye nyuzi ndani ya plastiki. Usio na nyuzi hujikunja na kuvimba juani.

Ukoka hutosheka na lita 5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku wakati wa joto. Weka makopo matatu ya pande zilizonyooka chini ya springla: maji yakifika milimita 5, ambazo ni sawa na hizo lita 5, hamisha. Anza saa 12 asubuhi, kabla upepo haujaanza kuyapeperusha.

Namba 3: dripu (mpira wa matone), kwa maua na mboga tu

Kwa tuta la mita 1 kwa 10, nunua mita 20 za mpira wa milimita 16 wenye matundu kila sentimita 30. Hayo ni matundu 66 hivi. Yakiwa ya lita 1 kwa saa, unapata lita 66 kwa saa. Kipimo hicho ni cha bari 1; kwa tangi lililo mita 2.5 juu, tarajia nusu, basi acha saa mbili. Matundu yanayojirekebisha presha hayafai hapo, kwani presha ni ndogo mno kuyafanya yatoe maji sawasawa.

Usikubali kuuziwa dripu bila filta ya meshi 120. Maji ya kisima yenye chokaa huziba matundu hata hivyo. Fungua mwisho wa laini kila wiki umwage uchafu.

Namba 4: pampu mpya

Inunue tu kama kipimo cha ndoo kimeshuka na filta ni safi. Ifungwe baada ya tangi, kamwe si kwenye bomba la mtaa: huko inavuta uchafu na kuwanyima majirani maji. Ongeza floti swichi, inayozima pampu maji ya tangi yakipungua, kwa sababu pampu ikizunguka bila maji sili yake huungua.

Namba 5: mfumo mzima mpya

Inafaa pale mabomba yanapopasuka kila mara mahali papya. Mtake fundi agawe vichwa kwa laini kufuatana na lita ulizopima, na asichanganye vya duara kamili na vya nusu duara vyenye mtiririko uleule: nusu duara itapata maji maradufu. Kabla hajafunga nozeli, laini zifunguliwe zimwage maji mpaka yatoke masafi, kwani mchanga wa uchimbaji huishia kwenye valvu mpya.