Pymodbus kwenye mkanda wa korosho: inasoma vizuri, haifasiri

Pymodbus ni maktaba ya bure ya Python inayowasiliana na vidhibiti vya viwandani kwa itifaki ya Modbus, ambayo Modicon waliitoa mwaka 1979 na ambayo bado inatumika katika draivu (kifaa cha kudhibiti mwendo) ya mota inayoendesha mkanda wa kiwanda cha kubangua korosho ninachokihudumia hapa Mtwara.

Kwa kazi ya kuleta data, sina la kulalamikia. Mistari michache inatosha kufungua muunganisho kupitia mlango wa mtandao wa 502 na kusoma rejista (visanduku vya namba ndani ya kifaa), na jibu hurudi likiwa orodha ya namba za biti 16. Mwongozo wa kifaa ukiandika 40001, wewe utaomba anwani 0, lakini hiyo ni desturi ya Modbus yenyewe.

Kazi ngumu huanzia kwenye neno la hali, yaani rejista ambayo biti zake hueleza hali ya draivu. Draivu hii hufuata wasifu wa CiA 402, kiwango kinachoeleza maana ya biti hizo, na mota inapozunguka kama kawaida rejista husomeka 567. Pymodbus inaweza kuigawa namba hiyo kuwa biti mojamoja, ila haijui kwamba biti ya 3 (zikihesabiwa kuanzia 0) ni hitilafu, kwamba biti ya 4 huonyesha kuwapo kwa umeme wa mota, wala kwamba biti ya 5 imegeuzwa, yaani 0 ndiyo inayoashiria amri ya kusimama haraka. Anayedhani kila 1 ni habari mbaya atawasha taa nyekundu mchana kutwa bila sababu. Tafsiri hiyo utaiandika mwenyewe, na IntFlag, aina ya data iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.6, hukuruhusu kuipa kila biti jina la Kiswahili ambalo fundi wa zamu atalielewa. Ili kuitambua hali nzima, chuja kwanza kwa alama ya &, ambayo hubakiza tu biti zilizo 1 katika namba zote mbili: 567 & 111 hutoa 39, ambayo ni alama ya mota iliyoruhusiwa kufanya kazi. Ukilinganisha na 567 moja kwa moja, programu itakwambia mota imesimama mara tu biti ya 7, ile ya onyo, inapowaka, ilhali mkanda unaendelea kusogea na 695 & 111 bado ni 39.

Biti ya 4 ndiyo iliyotufaa zaidi. Kwa kuwa sehemu ya udhibiti ya draivu hupata volti 24 kutoka kwenye betri ya akiba, umeme ukikatika tunaiona biti hiyo ikishuka, na hakuna anayefungua mota kutafuta ubovu usiokuwapo.

Ninachoikosoa Pymodbus ni kubadilisha majina: kigezo cha namba ya kifaa kiliitwa unit, kikawa slave, na sasa ni device_id, kwa hiyo mifano mingi ya mtandaoni haiendeshiki ilivyo. Andika namba kamili ya toleo katika faili la mahitaji (requirements.txt) kabla ya kuisakinisha programu kiwandani, na usiisasishe katikati ya msimu.