Mbao za fremu, kanda na fishabodi: nunua ipi, acha ipi

Nyumba ikishapauliwa, pesa nyingi imeshamezwa na tofali, nondo na bati. Hapo ndipo fundi seremala anakuja na orodha yake: fremu za milango, fishabodi (ubao mrefu unaofunika ncha za mbao ukingoni mwa paa), kanda nyembamba za kuziba mwanya kati ya fremu na plasta, na kwa wanaopenda, mbao ya kuzungushia chini ya ukuta mahali pa skatingi ya vigae. Wengi wetu tunaanza kwa kuuliza jina la mti. Mimi nilipojenga Kibaha niliuliza hivyohivyo, nikauziwa "mninga" ulionyooka vizuri kabisa dukani. Miezi mitatu baadaye mlango wa choo ukagoma kufungwa. Fundi alipopitisha randa kwenye fremu, ule wekundu ukaisha kabla ya milimita moja. Ilikuwa mbao nyingine iliyopakwa rangi, tena mbichi.

Tangu hapo jina naliuliza mwisho. Kwanza nauliza ukavu. Mbao ya ndani ya nyumba inafaa iwe na unyevu wa asilimia 12 hadi 15, na muuzaji makini ana kile kifaa kidogo cha kudunga ubao na kusoma namba ya unyevu. Kama hana, omba kipande cha futi moja, kipime kwenye mzani wa duka la jirani, kiache kivulini wiki moja, kisha ukipime tena. Kikiwa kimepungua sana, mbao yote pale bado ina maji. Pili, tazama kichwa cha ubao: kiini ni cheusi zaidi, sehemu ya nje ya mti ni nyeupe. Ule weupe ndio chakula cha bungua na mchwa, hata kwenye mti mgumu kiasi gani. Tatu, funga jicho moja uutazame ubao kwa urefu wake, kama mtu anayelenga shabaha. Uliopinda dukani hautanyooka kwako.

Sasa miti yenyewe, kwa mpangilio wangu.

Kwa fremu za ndani naweka mninga namba moja. Unatoka Tabora, Katavi na mikoa ya miombo, na ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Sifa yake kubwa kuliko uzuri ni kwamba hausinyai sana unapokauka, kwa hiyo fremu haichezi na mlango hausugui. Unakubali randa, unakubali skrubu, unakubali vanishi. Ubaya wake ni bei, na kwa sababu ya bei, waigaji. Mwambie muuzaji apitishe randa pembeni mbele yako. Akikataa, nenda duka la pili.

Mkongo ni wa pili, lakini kwa mlango wa mbele unaopigwa na jua na mvua ningeupa nafasi ya kwanza bila kusita. Ni mzito na mgumu, na huvumilia nje miaka mingi. Fundi lazima atoboe kwanza kwa drili. Akipiga msumari hivihivi utapasuka au msumari utapinda. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mkongo una rangi ya manjano ndani yake, na ukinyeshewa kabla ya vanishi, rangi hiyo huchuruzika ukutani. Kwa hiyo usimalize kupaka ukuta wa barazani kabla fremu haijapigwa vanishi.

Mtiki nauweka wa tatu. Serikali inaupanda Longuza huko Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, hivyo unapatikana bila kugusa msitu wa asili. Ni imara na hautishiki na maji. Tatizo ni kwamba mti uliovunwa mchanga una weupe mwingi, na mbao nyingi za madukani ni za namna hiyo. Pia una mafuta, hivyo futa kwa tina kabla ya vanishi, la sivyo itabanduka. Mvule nao ni mti wa heshima, ila mara nyingi huwa na mawe ya chokaa ndani yanayoua msumeno, na fundi wako atakudai gharama ya kunoa.

Kanda za ndani hazibebi chochote. Kuzinunulia mninga ni fahari tu, na si kosa kama uwezo upo. Mimi nilitumia mkangazi: mwepesi, rangi yake ya kahawia nyekundu inapendeza, na unarandika laini. Usiupeleke nje wala usiuache uguse sakafu yenye unyevu.

Fishabodi ni habari nyingine. Ipo juu na ni ndefu, na mara nyingi inapakwa rangi, hivyo paina ya dawa inatosha. Nyingi inatoka Mufindi, ambako kuna shamba la miti la Sao Hill. Hapa ndipo watu wanapoibiwa kirahisi, maana ukijani wa dawa unaigizwa kwa kuchovya. Kata ubao mmoja katikati. Dawa iliyoingia kwa mashine inaonekana imezama ndani ya mbao. Ya kuchovya inaishia kwenye ngozi. Kila mahali fundi anapokata, apake dawa upya kwenye kichwa kilichobaki wazi. Na vipande vilivyobaki visipelekwe jikoni. Dawa hizo za kijani mara nyingi zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.

Mkaratusi uache kwenye mirunda ya jukwaa. Ukiufanya fremu utapasuka na kujinyonga. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, inafaa tu kwa chumba kikavu. Nyumba zetu zinapigwa deki kila asubuhi, na MDF ya chini ya ukuta hunywa maji ikavimba kama maandazi.

Kwenye vipimo, kumbuka kwamba "2 kwa 6" ni inchi za kabla ya randa. Ukuta wa tofali la inchi 6 ukipigwa plasta pande zote unakaribia inchi 7, fremu inabaki nyembamba kuliko ukuta, na mwanya huo ndio unaofunikwa na ukanda. Pima ukuta wenyewe ujumlishe na plasta itakayopigwa, usitegemee ramani. Fremu hutangulia plasta. Kanda na mbao za chini zisubiri plasta ikauke, kama mwezi mmoja hivi. Mgongo wa fremu unaogusa ukuta upakwe oili chafu, na miguu yake ipakwe lami kabla haijazamishwa kwenye sakafu, maana mchwa huanzia pale.

Kwa mbao za msitu wa asili, dai risiti na utazame alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ukizisafirisha bila hati, kwenye kizuizi cha barabarani hawatamuuliza muuzaji, watakuuliza wewe.

Zikifika kwako, zilaze kivulini juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite kati yake, wiki mbili angalau kabla fundi hajaanza kuranda. Agiza na ubao mmoja wa ziada kwa kila kumi, kwa sababu kuna mmoja utakaopinda tu.