Kamera pacha za picha za 3D: ununue zipi kwanza?

Naanza na jibu, maana wengine hamtafika chini: nunua kamera mbili ndogo za mtumba, modeli moja. Si moja nzuri na ya pili ya kuazima kwa shemeji. Picha ya 3D ni picha mbili, ya jicho la kulia na la kushoto, na macho yetu yameachana kama milimita 65. Picha hizo zikipishana rangi au ukubwa, kichwa kitakuuma kabla hujaona kina chochote.

1. Canon PowerShot mbili

Modeli nyingi za zamani zinakubali CHDK, programu ya bure inayokaa kwenye kadi ya memori bila kuibadilisha kamera, na nduguye StereoData Maker, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Unaunga waya za USB kwenye swichi moja yenye betri. Ukiiachia, zote mbili zinafyatua pamoja. Hiyo "pamoja" ndiyo unayoilipia. Mtu anayepita sokoni Darajani huenda kama mita moja na nusu kwa sekunde. Kamera moja ikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, ameshasogea sentimita 15, na kwenye picha anageuka mzuka. Angalia orodha ya modeli zinazokubali kabla ya kutoa pesa.

Dukani usione haya. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu: unyevu wa huku kwetu huzaa kuvu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Vuta zumu uisikilize. Ikisaga, imekula mchanga wa pwani. Kisha piga picha ya ukuta mmoja kwa kamera zote mbili, ulinganishe. Mimi niliambiwa, "Hizi ndugu, baba mmoja mama mmoja," nikalipa. Nyumbani nikakuta lenzi ya moja inaanzia milimita 28, inayochukua upana zaidi, nyengine 35.

Pau la kuzishikia usiagize nje. Fundi wa madirisha ya alumini ana vipande anavyotupa. Bolti iwe ya robo inchi, tena fupi. Ile ya milimita 6 utadhani ni hiyo hiyo, kumbe inaharibu uzi wa tundu la skrubu chini ya kamera.

Sasa hesabu inayowashinda wengi. Kitu cha karibu kiwe umbali wa mara 30 ya nafasi kati ya lenzi. Kamera zikikaa bega kwa bega, lenzi huachana kama sentimita 10, kwa hiyo urudi nyuma mita 3. Kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe mita 3 utazipata wapi? Zisimamishe wima, vitako vikielekeana: lenzi zinabaki na kama sentimita 6, na mita 1.8 inatosha. Mlango wa huko wenyewe mrefu, unaifaa picha ya wima, na zile njumu zake za shaba zinakujia usoni.

2. Fujifilm FinePix Real 3D W3

Ya mwaka 2010, lenzi mbili kwenye mwili mmoja, zimeachana milimita 75. Picha unaiona na kina chake palepale kwenye skrini, bila miwani. Ningeiweka ya kwanza, ila haitengenezwi tena. Ikifa, huna pacha wa kubaki naye. Ukiiona na chaja yake, chukua.

3. Kamera moja na reli

Unapiga, unaisogeza, unapiga tena. Kwa mlango au mwani ulioanikwa Jambiani, haina ubaya. Ngalawa yenye tanga, sahau.

4. Simu mbili

Kufyatua kwa sauti au bluututhi hakuzilinganishi vya kutosha, na kila simu inapaka rangi kwa akili yake.

Kuzipanga picha mbili zikae sawa kwenye kompyuta, programu ya StereoPhoto Maker ni ya bure. Kutazama, boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili za plastiki linatosha. Simu uliyoikataa kupigia ndiyo itakayokaa ndani yake.