Avoriaz na watoto wiki nzima: pazuri sana, ila tangazo la nyumba ya "watu 6" msiliamini

Tulikua watano, mimi, mama watoto, madogo wawili (miaka 9 na 5) na mama mkwe ambae skii (kuteleza kwenye theluji) hajui na hataki kujua. Avoriaz iko Ufaransa, kwenye milima ya Alps karibu kabisa na mpaka wa Uswisi, ni moja ya vituo 12 vya skii vya eneo linaloitwa Portes du Soleil.

Mwaka juzi tulikaa Morzine, mji ulio chini ya Avoriaz. Nyumba kubwa, bei nafuu, na mji wenyewe una maisha, sio mahali pa watalii tu. Shida ni asubuhi. Morzine iko kama mita 1,000 tu juu ya usawa wa bahari na theluji ya uhakika iko juu, kwahiyo unatoka nyumbani, unasubiri basi, unashuka Prodains kwenye kituo cha lifti, unapanda lifti ya kuning'inia mpaka Avoriaz mita 1,800, ndo darasa la watoto lianze. Kwenye karatasi safari fupi tu hiyo. Sasa mchukue mtoto wa miaka mitano alievaa buti za skii. Hatembei yule, anaburutwa. Mkono mmoja umeshika skii zake, bega lina skii zako, fimbo zinachapa watu usoni, na mkishaingia ndani ya basi ndo anakwambia baba nataka kukojoa. Siku ya tatu glovu moja ilibaki kwenye kiti cha basi, akalia mpaka juu. Nikaapa mwakani tutalala hukohuko juu hata kama ni stoo.

Na kweli tukapewa stoo, nakuja huko.

Avoriaz yenyewe naipa 5 kwa 5. Gari haiingii kabisa, unaiacha kwenye paking ya mwanzoni halafu wewe na mabegi yenu mnabebwa na sleji (kigari cha kuteleza kwenye theluji) ya farasi au gari lenye minyororo ya kukanyaga theluji. Mama mkwe kupanda ile sleji, blanketi magotini, kengele zinalia, basi safari yake ilikua imeshalipa pale pale. Barabara zote ni theluji kwahiyo unavaa skii mlangoni unateleza mpaka kwenye lifti. Kijiji cha watoto wanapojifunzia skii kiko katikati ya mji, kutoka kwetu dakika nne kwa mwendo wa dogo, nimepima. Akichoka unamrudisha anakunywa kitu cha moto analala, hakuna siku iliyoharibika. Kuna na Aquariaz, bwawa la ndani lenye joto, siku ya ukungu ilituokoa maana kule juu miti michache, ukungu ukishuka huoni hata ncha ya skii zako. Kwa asiyeteleza onyo moja tu, njia za miguu nazo zinapitwa na watu wa skii, na mji umejengwa kwenye mteremko, mtu mzima atumie zile lifti za ndani ya majengo asihangaike kupanda na kushuka kwenye barafu.

Sasa apatimenti. Kampuni siitaji ila tangazo lilisema watu 6. Hesabu yao ni hivi: chumba kimoja cha watu wawili, dabodeka kwenye korido pembeni ya mlango wa kuingilia bila hata pazia, na sofa ya kukunjua sebuleni. Mama mkwe huwezi kumlaza kwenye sofa, kwahiyo chumba akachukua yeye, mimi na mama watoto tukawa tunalala sebuleni na kila asubuhi tunakunja kitanda ndo watu wapate pa kunywea chai. Mtu akienda chooni usiku taa inamuamsha dogo wa kitanda cha chini. Mashuka na mataulo hayakuwemo, na hilo tumelijua Jumamosi jioni baada ya kupanga foleni ya funguo na familia nyingine kibao, maana kule nyumba nyingi ni Jumamosi kwa Jumamosi, wote mnafika kwa wakati mmoja. Jiko plate mbili. Kitu pekee walichofanya vizuri ni chumba cha skii pale chini chenye mashine ya kukausha buti, na hiyo msiidharau jamani, buti mbichi asubuhi zinaleta ugomvi wa ndoa. Apatimenti 2 kwa 5.

Kosa lingine letu wenyewe, tulienda Februari. Shule za Ufaransa zimegawanywa kanda tatu na likizo zao za baridi zinapishana, ukijumlisha ni kama wiki nne za msongamano mpaka mwanzoni mwa Machi. Foleni za lifti, darasa limejaa, na nyumba nzuri zishachukuliwa siku nyingi ndo maana tukaangukia ile.

Kurudi tutarudi, Avoriaz hiyohiyo ila jengo jingine na sio Februari. Sasa hivi naangalia tangazo moja linasema watu 8, nimewaandikia kuuliza vyumba vyenye mlango unaofungwa ni vingapi. Wamejibu kwa kunitumia picha ya balkoni.